Kushona buibui kwa kitambaa cheusi: mwongozo kamili, kuanzia dukani hadi pindo

Kila baada ya Idi, hapa Lamu, mimi huletewa mabuibui ambayo wenyewe waliyashona nyumbani, wakayavaa mara moja, wakayavua. Mishono imenyooka. Shingo imekaa. Lakini maneno ni yale yale: "Bi fundi, ndani ya nyumba lilikuwa jeusi tititi. Nilipofika nalo uwanjani Mkunguni, mbele jeusi, nyuma kama kahawa." Mwingine lake linameta juu ya kila mshono kana kwamba limepakwa mafuta. Wa tatu alilifua mara moja tu, likapaka shuka zote.

Hawa si watu wasiojua kushona. Wamedhani nyeusi ni rangi rahisi kwa kuwa inaficha. Inaficha kweli, ila anayefichwa ni wewe mshonaji. Watakaokutazama barabarani wanaona yote.

Nitatumia mfano wa buibui linalovaliwa kwa kupitishwa kichwani, mikono imekatwa pamoja na mwili. Hatua zenyewe zinafaa pia kwa abaya, gauni au sketi.

Vifaa

- Kitambaa yadi 3 na nusu, upana inchi 58 hadi 60. Hesabu yake iko hatua ya 3.
- Uzi mweusi wa poliesta, wa kutosha nguo nzima kutoka aina moja.
- Uzi laini wa manjano au samawati isiyoiva, kwa kupigia bandi, yaani mshono wa muda wa mkono.
- Sindano mpya za cherehani.
- Kipande chembamba cha sabuni iliyokauka.
- Leso kuukuu ya rangi nyeupe au ya kung'aa, ya kutandika mezani.
- Taa ndogo inayoweza kuinamishwa.
- Kitambaa chembamba cha pamba cha kupigia pasi, na vipande vya karatasi ngumu vyenye upana wa inchi 2.
- Seloteepu pana. Kitambaa cheusi kinaokota kila kitu, na ukiishi Lamu utakuwa na paka, wako au wa jirani. Hakuna anachokipenda paka kama nida, kitambaa cha mabuibui, iliyotandikwa.

Hatua ya 1. Nunua mchana, na ukitoe kitambaa nje

Weusi wa kiwandani si mmoja. Mara nyingi hupatikana kwa kuchanganya rangi kadhaa, na mchanganyiko mmoja huegemea wekundu, mwingine ubuluu, mwingine ukijani. Chini ya taa ya dukani zote ni ndugu. Juani zinakanana. Ndiyo maana majora mawili yaliyopangwa rafu moja, kwa jina moja na bei moja, yanaweza kukupa mbele na nyuma za rangi mbili.

Njia zetu ni nyembamba na kuta ni ndefu, kwa hivyo hata mlangoni pa duka mwanga ni hafifu. Mwombe muuzaji: "Ami, nipe jora nilitazame nje kidogo." Bado sijakataliwa. Tafuta mahali penye mwanga wa mchana, weka karatasi nyeupe kando ya kitambaa, na rangi iliyojificha itajitokeza yenyewe. Kama unachanganya vitambaa viwili, tuseme nida mwilini na shifoni mikononi, vitoe vyote viwili pamoja.

Ukiwa hapo hapo, fanya majaribio matatu.

Sugua. Chukua leso nyeupe ya mkono, isugue juu ya kitambaa mara kumi ikiwa kavu, kisha mara kumi ikiwa imelowa kidogo. Kijivu chepesi kwenye leso iliyolowa si kitu, ni rangi ya ziada ambayo itatoka kwa maji. Leso kavu ikitoka nyeusi, rudisha jora.

Finya. Kunja pembe ndani ya ngumi, hesabu hadi kumi, achia. Mikunjo ikibaki, ndivyo utakavyoonekana ukiinuka barazani.

Angaza. Inua tabaka moja mbele ya jua. Hili watu hulisahau. Gati la Lamu linatazama mashariki, na asubuhi jua likitokea upande wa Manda linapenya kitambaa chochote kilicho chepesi. Ukiona vidole vyako nyuma yake, utahitaji bitana au nguo ndefu ya ndani.

Nunua chote siku moja, kutoka jora moja. Ukimtuma mtu Mtaa wa Biashara kule Mombasa, mwambie hivyo kwa maneno hayo hayo, na amwambie muuzaji akate kipande kimoja kisicho na kiungo. Uliza pia kama wanapima kwa yadi au kwa mita. Yadi ni inchi 36, mita ni inchi 39 na kidogo. Kwenye yadi tatu na nusu tofauti hiyo inatosha mkono mzima.

Aina ipi? Kwa anayeanza, nida isiyong'aa. Ni poliesta, haipauki upesi, haikunjiki, inateremka vizuri. Ubaya wake ni joto, maana haifyonzi jasho. Krepu ni nzito zaidi na husamehe mshono usio mkamilifu, kwa kuwa uso wake wa chembechembe humeza kasoro. Pamba ndiyo yenye baridi, lakini hupauka kwa jua na kurudi, yaani kusinyaa, ikifuliwa. Viskosi ni tamu mkononi, ila ikilowa huwa dhaifu, usiikamue kwa nguvu. Satini na mahameli viache hadi buibui la tatu au la nne.

Usimwamini muuzaji akisema "hii pamba tupu". Ukifika nyumbani, kata kipande chembamba cha kitambaa, kishike kwa koleo juu ya sahani ya maji, ukiwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, viskosi pia. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha ushanga mgumu. Usiuguse huo ushanga ukiwa moto, unaganda kwenye ngozi.

Na kuhusu ile pamba nyeusi iliyokaa sandukuni kwa mama miaka kumi: ivute kwa nguvu kabla ya kuikata. Pamba nyingi nyeusi hutiwa rangi za salfa, na mahali penye joto na unyevu kama kwetu, rangi hizo zinaweza kutoa asidi polepole na kuuozesha uzi. Kitambaa kinaonekana kipya, lakini ukikivuta kinachanika kama gazeti.

Umefaulu ikiwa: kitambaa ni kimoja juani toka mwanzo hadi mwisho, na leso yako kavu imebaki nyeupe.

Hatua ya 2. Kilowe kabla hujakikata

Pamba na viskosi: loweka dakika 30 kwenye maji baridi yenye sabuni kidogo, badilisha maji hadi yawe karibu meupe. Hapa ndipo kitambaa kinarudi, na ni afadhali kirudi sasa kuliko baada ya kushonwa. Nida na krepu za poliesta hazirudi sana. Suuza mara moja kuondoa dawa ya kiwandani inayofanya sindano iruke mishono.

Chumvi na siki? Nimeulizwa mara nyingi hata nimechoka. Chumvi hutumika ndani ya pipa la kutia rangi, kitambaa kikishatoka humo haikamati kitu. Siki husaidia rangi za asidi zinazotumika kwa sufu na hariri. Pamba yako haina habari nayo. Kinachozuia kuchuja ni kusuuza hadi rangi ya ziada iishe.

Kama maji ya kisima chenu yana chumvi, suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua au ya mfereji. Chumvi ikikauka juu ya nyeusi huacha ukungu mweupe, na utadhani kitambaa kimepauka.

Anika kivulini, ndani ya kiwanda (ua wa ndani ya nyumba) au chini ya daka (kibaraza cha mlangoni), si juu ya paa juani.

Umefaulu ikiwa: kitambaa kimekauka bila mabaka na maji ya mwisho yalikuwa karibu meupe.

Hatua ya 3. Tafuta mwelekeo, kisha kata

Hii ndiyo hatua inayozaa zile "mbele jeusi, nyuma kahawa", kwa hivyo soma polepole.

Vitambaa vingi vyeusi vina mwelekeo. Mahameli unaujua kwa kupapasa: ukipitisha mkono chini malaika, yaani vinyweleo vyake, zinalala, ukipandisha zinasimama. Satini na baadhi ya krepu na nida hazina malaika, lakini nyuzi zake zinarudisha mwanga kwa namna tofauti ukizigeuza juu chini. Kujua, weka ncha mbili za kitambaa begani mbele ya kioo karibu na dirisha, moja ikitazama juu na nyingine chini. Ikiwa moja ni nyeusi zaidi, kitambaa kina mwelekeo.

Sasa, njia yetu ya kawaida ya kukata buibui ni kukunja kitambaa begani, ili mbele na nyuma viwe kipande kimoja bila mshono wa bega. Ni njia ya haraka na inapunguza kazi. Lakini fikiri: mbele nyuzi zinateremka, zikipita begani zinaanza kupanda mgongoni. Mbele na nyuma zimegeuziana. Kwa pamba tupu hakuna atakayejua. Kwa satini kila mtu atajua, na hutakuwa na la kufanya ila kufumua na kununua tena.

Dawa yake ni kukata kitambaa vipande viwili na kugeuza kimoja, ili vyote vielekee upande mmoja. Kwa urefu wa inchi 56 kutoka begani, kila kipande kinahitaji inchi 56, jumlisha 2 za pindo na nusu inchi ya mshono wa bega: 58 na nusu. Viwili ni inchi 117, yaani yadi 3 na robo kamili. Ile robo inayobaki kwenye yadi tatu na nusu ni ya kunyoosha ncha zilizokatwa kombo dukani.

Chora mishale kwa sabuni upande wa ndani, kila baada ya shibiri mbili, kabla mkasi haujagusa kitu. Kwa mahameli, malaika zikitazama juu weusi unakuwa mzito zaidi, zikitazama chini unakuwa na rangi ya fedha. Chagua unachopenda, mradi mishale yote iwe na mwelekeo mmoja.

Tandika ile leso nyeupe au ya kung'aa mezani au juu ya mkeka. Nyeusi juu ya meza nyeusi huoni ukingo ulipo. Kunja kipande cha kwanza kwa urefu, ukingo juu ya ukingo. Upana utakuwa inchi 29 au 30, na huo ndio unaofika kutoka katikati ya kifua hadi karibu na kifundo cha mkono. Kina cha mkono inchi 9. Upande wa mwili: chukua kifua, gawa kwa nne, ongeza inchi 3. Chini fungua hadi inchi 16. Chora kwapa kwa mviringo mpana, kona kali hupasuka. Nusu upana wa shingo inchi 3, kina cha nyuma inchi 1, cha mbele inchi 3 na nusu pamoja na mpasuko wa inchi 6 kwenda chini, la sivyo kichwa hakipiti.

Usikate tabaka nne kwa pamoja. Nida inateleza, na tabaka la chini litatoka na umbo lake lenyewe. Kata mbele, kisha kitumie kipande hicho kuwa kigezo cha nyuma, ukirekebisha shingo. Vipande vinavyobaki kwenye kwapa usivitupe, ni vya kumalizia shingo, na vya kurefusha mkono ukiwa mfupi.

Kila kipande kikitoka tu kwenye mkasi, kipige msalaba wa sabuni upande wa ndani. Pande mbili za nida zinafanana mno, lakini juani hazifanani.

Umefaulu ikiwa: ukivining'iniza vipande vyote dirishani, mishale ikielekea upande mmoja, huoni tofauti.

Hatua ya 4. Alama na bandi

Sabuni kavu ndiyo chaki bora ya nyeusi. Inaonekana, na inatoka kwa maji. Chaki yenye nta huyeyuka chini ya pasi na kuacha doa la mafuta. Jaribu kwanza kwenye chakavu.

Piga bandi mabega, kwapa na mbavuni kwa ule uzi wa rangi. Najua wengi mnaruka hatua hii na kutumia pini tu. Kwa nyeusi usiruke, kwa sababu mshono wa cherehani mweusi juu ya nguo nyeusi ni mgumu kufumua, na satini na nida hubaki na matundu ya sindano. Lijaribu buibui mwilini likiwa na bandi. Uzi mweupe wa manyoya manyoya usiutumie, utabaki ukiokota vipande vyake kwa seloteepu hadi Idi nyingine.

Hatua ya 5. Andaa cherehani na mwanga

Safisha chini ya meno ya cherehani, vumbi la uzi mweupe la kazi ya jana huingia kwenye mshono wa leo. Ukitia mafuta, shona kwanza kitambaa cheupe hadi sindano itoke kavu. Tone la mafuta juu ya nyeusi hulioni usiku.

Sindano: namba 70 kwa shifoni, 75 au 80 kwa nida, 80 au 90 kwa krepu na pamba. Iwe mpya. Sindano butu huvuta nyuzi za nida na kuchora mstari mrefu usiofutika. Kutunga uzi, weka karatasi nyeupe nyuma ya tundu.

Taa usiiweke juu ya kichwa. Iinamishe chini, ubavuni kushoto, ili mwanga upite juu ya kitambaa kwa mshazari. Hapo kila mshono unakuwa na kivuli chake, na unauona.

Kagua bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, mchana. Nilishawahi kumshonea bibi harusi usiku, umeme umekatika, taa ya kandili mezani. Asubuhi mbavu zote mbili zilikuwa na nukta za buluu ya kaniki. Bobini ya uzi wa buluu iliyoiva ilikuwa imechanganyika na nyeusi. Nilifumua hadi adhuhuri. Tangu hapo bobini zangu za buluu zinakaa kwenye mkebe wake.

Hatua ya 6. Shona

Urefu wa mshono milimita 2.5, kwa shifoni 2. Anza mabega, kisha shingo, halafu kwapa na mbavu kwa mfululizo mmoja kutoka mkononi hadi chini. Nida ikijikunja kwenye mshono, legeza uzi wa juu kidogo na ushike kitambaa mbele na nyuma ya sindano bila kukivuta. Kwenye mviringo wa kwapa, chanja nafasi ya mshono (kitambaa kilichobaki nje ya mshono) kwa ncha ya mkasi, usifike kwenye mshono wenyewe. Shona mstari wa pili hapo, ndipo nguo inapovutwa zaidi.

Ncha zipige ovaloki au zigizaga. Shifoni ishonwe mara mbili, kwanza nje, kisha igeuzwe na kushonwa ndani ili ncha zifichike.

Ukiweka kitambaa kigumu cha kubandika shingoni, kiwe cheusi. Kilicho cheupe huchungulia kwa rangi ya kijivu.

Toa bandi kabla ya pasi. Pasi ikipita juu yake, alama ya uzi inabaki.

Hatua ya 7. Pasi, na hapa ndipo nguo nyingi hufa

Mng'ao unaoletwa na pasi ni uso wa nyuzi uliolazwa bapa. Kwa pamba, mvuke na brashi laini huweza kuuinua kidogo. Kwa poliesta ni kuyeyuka, na kilichoyeyuka hakirudi.

Kwa hiyo: piga pasi upande wa ndani tu, kitambaa cha pamba kikiwa katikati, joto la chini kwa nida na krepu. Nyanyua na uweke, usiburute. Chini ya kila nafasi ya mshono ingiza kipande cha karatasi ngumu, ili ukingo wake usichapishe mstari upande wa nje. Ile mistari miwili sambamba inayometa kando ya mshono ndiyo hii.

Pasi ya makaa siipendekezi kwa nyeusi. Joto lake huwezi kulidhibiti, na jivu linadondoka. Ukiwa huna nyingine, ifute chini, iache ipoe hadi tone la maji lisitoe sauti ya "chwi", na ujaribu kwenye chakavu. Mahameli yalaze kifudifudi juu ya taulo, tumia mvuke bila kukandamiza.

Umefaulu ikiwa: ukilitazama juani kwa kuinamisha kichwa, mshono unaonekana kama mkunjo tu.

Hatua ya 8. Pindo

Litundike usiku mzima kabla ya kupinda, hasa krepu, kwa sababu uzito wake hurefusha mbavu. Kesho yake mvalishe mwenyewe na viatu vyake, upime kutoka sakafuni kuja juu. Acha walau inchi 1 juu ya ardhi. Njia zetu tunagawana na punda, sina haja ya kueleza zaidi.

Pinda kwa mkono, ukichota uzi mmoja tu wa upande wa nje kila sindano, na usikaze.

Kufua: lipindue ndani nje, maji baridi, peke yake mara tatu za mwanzo, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe isikaribie hata beseni. Kipande kimoja cha chakavu, ukubwa wa kiganja, kishikize kwa ndani mbavuni ili kifuliwe na kuanikwa pamoja na buibui. Likichanika baada ya mwaka, kiraka kitakuwa kimezeeka nalo, weusi mmoja.